Mama Analala Vizuri

Sikuwa nakula chumvi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililosingiziwa mwaka mzima, tena na watoto niliowazaa mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Mimi ni Tufaha, mpishi wa shughuli hapa Tabora. Harusi, hitima, maulidi, watu wakitaka pilau iliyochambuka wanakuja Gongoni kuniuliza. Nyumba ninayokaa ilijengwa na babu wa marehemu mume wangu Ghalibu, enzi ambazo misafara ya bara ilikuwa imekwisha lakini wafanyabiashara wake walikuwa bado wapo mjini wanajifanya matajiri. Kuta zake nene, na uwani kuna jiko langu la kuni lenye mafiga ya kubeba sufuria ambazo mtu anaweza kuogea ndani. Hilo jiko ndilo maisha yangu. Ghalibu alipofariki, watu walidhani nitalifunga. Nilikaa eda, nikatoka eda, nikawasha moto.

Haukupita muda mrefu presha ikanipanda. Nilipimwa kwenye kliniki moja kule Kitete nikakutwa na mia moja tisini kwa mia moja na kumi, muuguzi akapima tena mkono wa pili kana kwamba wa kwanza ulimdanganya. Nikapewa dawa. Haikushuka. Nikaongezewa ya pili, kisha ya tatu. Nilizimeza zote, chungu na tamu. Presha ilishuka kidogo, kisha ikarudi palepale.

Hapo ndipo kesi yangu ilipoanza. Binti yangu Asila, mwalimu wa sekondari, ambaye tangu baba yake afariki analala chumba kimoja nami ili nisiwe mpweke, akaanza kunisimamia nikimeza vidonge. Nikishameza ananiambia, "Fungua mdomo, mama." Mimi, niliyemfungua yeye mdomo kumtazama meno ya utotoni, nafungua mdomo kama ng'ombe mnadani. Kopo la chumvi likahamia chumbani, juu ya kabati. Na kaka yake Murtadha, aliye Dar es Salaam na duka lake la vipuri, akawa anapiga simu kila Ijumaa kunihubiria.

"Mama, tatizo ni sufuria. Unaonja asubuhi mpaka jioni. Ile chumvi yote inaingia mwilini."

Nilimweleza kwamba mimi nimepika futari za watu tangu yeye hajazaliwa, na mpishi wa futari anajua kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Miaka yote hiyo swaumu yangu haijawahi kuharibika, leo pilau ya harusi ndiyo inishinde? Akacheka. Kile kicheko cha mtoto anayemwonea mzazi wake huruma kiliniuma kuliko presha yenyewe.

Mwisho Murtadha akatoa hukumu. Baada ya msimu wa harusi atakuja na gari kunichukua. Nitakaa kwake Dar es Salaam, mkewe Shifaa ataniangalia, nitapumzika. Nyumba atapangishwa mtu wa tumbaku kutoka Usoke, na jiko la uwani livunjwe ipatikane sehemu ya kuegesha gari. Alisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa. Nikamwambia mimi sijafa, na kama anataka kuvunja jiko langu, asubiri nizikwe kwanza. Akasema, "Ndicho tunachoogopa hicho, mama."

Msinielewe vibaya. Nilikuwa naumwa kweli. Niliamka kichwa kinagonga na mdomo mkavu, kana kwamba sikulala bali nilitwanga. Mchana nikichambua mchele nasinzia na ungo mapajani. Usiku nakwenda msalani mara kwa mara. Lakini nani mwenye umri wangu haendi msalani? Nilidhani ni uzee, nikaongeza na ukiwa wa Ghalibu juu yake, nikanyamaza.

Daktari wetu pale kliniki, Wenceslaus, mtu wa watu na mwenye subira, aliwahi kuuliza. Namtetea kwa hilo. Alisema, "Na usingizi je?" Kabla sijafungua mdomo Asila akajibu, "Mama analala vizuri, daktari. Hasumbuki kabisa." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika, tukaondoka.

Kisha shemeji yangu Hamoudi akafariki. Msiba ulikuwa kwake Ipuli, na kama kawaida wanawake wa ukoo tulihamia huko, tukipika na kulala chini kwenye mikeka. Siku ya pili, baada ya adhuhuri na chakula, tukajilaza kwenye chumba cha uani. Nilikuwa nimepikia umati tangu alfajiri, nikalala chali, nikapotea.

Niliamshwa na mkono unaonitikisa bega kwa nguvu. Nilipofumbua macho nikamwona Recheli amepiga magoti pembeni yangu.

Recheli ni Mkristo wa Kanisa la Moravian kule Sikonge, mfugaji nyuki, na mimi na familia yote ya Ghalibu tumekuwa tukinunua asali kwake miaka na miaka. Alikuwa amekuja kutoa pole na dumu la asali. Ananiita Mama Murtadha, mimi namwita Mama Eliya, na siku zote tunatukanana kwa mapenzi kuhusu bei. Siku ile hakuwa na utani usoni.

"Mama Murtadha, ulikuwa hupumui," alisema, na sauti yake si ya kunong'ona hata siku moja. "Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Nikasema basi, huyu naye anamfuata shemeji yake. Ndipo unashtuka, unavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Halafu inaanza upya."

Niliwatazama wengine. Chumba kizima cha wanawake, mawifi, mashemeji, binamu, wote macho chini. Wifi yangu mmoja akasema polepole, "Mama Eliya, hayo hayasemwi."

"Kwa nini hayasemwi?"

"Mwanamke mtu mzima. Tena msibani."

Nitasema ukweli wangu: nilimchukia Recheli pale pale. Kwetu mwanamume akikoroma anasifiwa, eti amechoka na kutafuta, nyumba ina mwenyewe. Mwanamke akikoroma ni aibu ya nyumba, na heshima ni kujifanya hukusikia. Wasichana wanafundishwa hivyo kabla hata ya kufundishwa kufunga ushungi. Nikasimama, nikajifunga kanga, nikamwambia kama hewa ya Ipuli imempa mawazo, arudi kwenye mizinga yake. Alinitazama tu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hayo machozi ndiyo yaliyonitia wasiwasi njia nzima ya kurudi.

Nyumbani nikamkuta Asila anasahihisha madaftari.

"Mimi nakoroma?"

Akaacha kalamu. "Kidogo, mama."

"Na kukata pumzi?"

Akavuta daftari jingine.

"Asila, nakuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Baba alikuwa anakugeuza. Nilikuwa nasikia nikiwa mdogo. Ukinyamaza, kitanda kinalia, baba anasema, 'Geuka, mama watoto,' halafu unaanza kupumua tena."

Nikakaa chini. Miaka yote ile niliyolala na Ghalibu sikujua kwamba alikuwa mlinzi. Asubuhi alikuwa anaamka macho mekundu, nikimtania kwamba anakesha kuhesabu mali asiyo nayo, naye anacheka. Hakuniambia hata mara moja. Nililia mbele ya mtoto wangu, na sikuona haya. Nilipomaliza kulia, hasira ikaja.

"Na daktari alipouliza?"

"Ningesemaje, mama? Mbele ya mwanamume? Nimwambie mama yangu anakoroma?"

"Ungemwambia mama yako anakufa kila usiku anafufuka."

Akainamisha kichwa. Kumbe amekuwa akilala na mto juu ya masikio, kwa heshima. Mtoto mwenye digrii alinipekua mdomo kutafuta vidonge, lakini kusikia nisivyopumua aliona ni utovu wa adabu. Nikamwambia kesho tunakwenda Kitete, na safari hii nitajibu mwenyewe.

Nilimwambia Daktari Wenceslaus yote, kwa sauti, na mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Nilisema nakoroma, nakata pumzi, nasinzia, naamka na kichwa kinauma, nakwenda msalani usiku. Asila alikuwa anaangalia viatu vyake. Daktari aliweka kalamu chini, akanipima shingo, akanimulika koo, kisha akanipa kijimashine cha kuvaa mkononi chenye waya unaobana kidole, nikalale nacho kwangu. Tulipokirudisha alikiunganisha kwenye kompyuta akanionyesha. Mstari wa oksijeni uliotakiwa kwenda sawasawa ulikuwa unatumbukia na kupanda, unatumbukia na kupanda, usiku kucha, kama meno ya msumeno.

"Koo linajifunga ukilala, mama," alisema. "Hasa ukilala chali. Hewa haipiti mpaka ushtuke."

"Sawa. Lakini hayo ni ya usiku. Presha mnanipima mchana, niko macho, napumua, nawatukana. Yanahusiana vipi?"

Alicheka, akavuta kiti. Nilimpenda kwa kuvuta kile kiti, maana alinieleza kama anayetaka nielewe.

Alisema hapa shingoni, kwenye mishipa mikubwa inayopanda kichwani, kuna vinyama vidogo ambavyo kazi yake ni kuonja hewa iliyomo ndani ya damu. Pumzi ikikatika, oksijeni inashuka, vinyama vile vinapeleka habari ubongoni kwamba kuna hatari. Ubongo unatoa amri: moyo uende mbio, mishipa ijikaze. Presha inaruka. Nashtuka, napumua, nalala tena, na kabla mwili haujatulia pumzi inakatika tena. Kwa hiyo mimi nadhani nimelala, kumbe mwili wangu unakimbizwa usiku kucha.

"Sasa sikiliza la mchana," alisema. "Mishipa ya damu kwa ndani ina utando mwembamba. Utando huo unatoa kemikali zinazoiambia mishipa ifanye nini. Ipo inayoiambia ilegee, ipo inayoiambia ikaze. Oksijeni ikipanda na kushuka kila usiku, utando unaumia. Unatoa kidogo ile ya kulegeza na nyingi ile ya kukaza. Na zile amri za hatari kutoka ubongoni nazo zinazoeleka, hazikatiki hata jua likitoka. Wewe umeamka, unapika. Mishipa yako bado iko usiku."

Nikajishika shingo, pale aliponionyesha.

"Na kuna jambo jingine," akaongeza. "Hali hiyo huamsha homoni zinazofanya figo zishike chumvi. Hata ile kidogo unayokula, mwili unaing'ang'ania."

Nikamgeukia Asila. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

"Mama," daktari aliingilia, "chumvi bado upunguze."

"Nimeshapunguza tangu mwaka jana. Nataka arudie."

Akarudia, maskini, kama mwanafunzi wake mwenyewe. Nikaridhika.

Daktari alikuwa mwaminifu. Alisema dawa nitaendelea nazo, uzito nipunguze, chali nisilale. Alisema kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, na kwamba ikivaliwa kila usiku inashusha presha, kwa wengine sana, kwa wengine kidogo, yeye hawezi kuniapia. Mashine ilitoka Mwanza. Usiku wa kwanza niliivua nikaitupa. Usiku wa pili nikaitukana. Baadaye tukazoeana. Asubuhi moja niliamka na kichwa kimenyamaza, nikakaa kitandani nikisubiri maumivu yaje, hayakuja. Siku hiyo nilichambua gunia la mchele bila kusinzia. Kila nilipokwenda kliniki, presha ilikuwa imeteremka kidogo zaidi. Haikuwa ya msichana, lakini ilikuwa imekubali kusikiliza.

Recheli nilimfuata mwenyewe Sikonge, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikamwomba radhi mbele ya wakwe zake. Alinisamehe, kisha akapandisha bei ya asali.

Murtadha hakuamini. Nilimwambia kwenye simu, akasema, "Mama, kukoroma kila mtu anakoroma. Hicho ni kisingizio cha kutotoka Tabora." Msimu wa harusi ulipokwisha akaja, na gari kama alivyoahidi, na Shifaa pembeni yake. Mpangaji wa Usoke alikuwa ameshaambiwa ahamie mwisho wa mwezi.

Waliteremka wamechoka. Murtadha amenenepa tangu nilipomwona mara ya mwisho, shingo imejaa kola. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, akaingia moja kwa moja uwani kulitazama jiko langu, na mkono kiunoni, kama fundi anayekadiria tofali. Nilimwacha atazame.

Tulikula pamoja sebuleni: mimi, yeye, Shifaa, Asila, na wifi yangu aliyeitwa kuja kusaidia kunishawishi. Nilipika bila papara. Baada ya kunawa, Murtadha akaegemea kwenye kiti cha baba yake akaanza kikao.

"Mama, mizigo ianze kufungwa kesho. Ile mashine utakuja nayo kama unaipenda, lakini Shifaa atakuwekea chumba cha nyuma, wageni wasiione."

"Siendi."

"Mama, hii si hiari tena. Wewe ni mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa ninyi mkinyamaza. Sasa natibiwa."

"Presha haitoki kwenye koo, mama. Inatoka kwenye kazi, na moshi, na chumvi." Alipiga miayo. "Sisi tunakutakia mema."

Wifi yangu alidakia hapo kuhusu wajibu wa mtoto wa kiume, akaongea kirefu kama kawaida yake. Alipomaliza tukasubiri Murtadha aendelee. Kichwa chake kilikuwa kimelala nyuma, mdomo wazi. Alikuwa amelala katikati ya hukumu yangu.

Akaanza kukoroma. Wifi yangu akatabasamu. "Maskini, safari ndefu." Shifaa naye akatabasamu, lakini tabasamu lake liliishia mdomoni. "Ndivyo alivyo," alisema. "Anakoroma kama trekta, mtaa mzima unajua mwenye nyumba yupo."

Nilikuwa nakaribia kumjibu, nikasikia mkoromo umekatika.

Nikainua mkono wote wanyamaze. Kifua cha mwanangu kilikuwa kinahangaika, kinapanda, kinashuka, tumbo linavutika, na hakuna sauti ya hewa. Asila aliacha vyombo. Kimya kilivuta, kikavuta. Uso wa Murtadha ulianza kubadilika rangi. Ndani yangu kila kitu kilitaka kwenda kumtikisa, na nikajizuia, nikataka waone, nikataka kwa mara moja katika ukoo huu watu wasikie walichokisikia. Sijui kama ni ukatili. Nilikuwa nimeshashika mkono wa kiti chake tayari.

Akashtuka kwa mkoromo mkubwa, akavuta hewa kwa nguvu, akafumbua macho.

"Mnanitazama nini?"

Nikamgeukia Shifaa, nikamuuliza kwa upole, maana yule ni binti wa watu na kosa si lake.

"Kila siku?"

Alijifunika uso na mtandio. "Kila siku, mama. Namgeuza, namgeuza. Sasa ni mzito, siwezi. Nilimwambia mama yangu, akasema mke mwema hatangazi ya chumbani."

"Shifaa," Murtadha alisema.

"Na njiani tukija, pale Manyoni, alisinzia," aliendelea, machozi yanamtoka, "kwenye usukani, gari likaacha lami. Nilipiga kelele. Akaniambia nisikwambie."

Mwanangu alisimama. Nilimwona anatafuta hasira na haipati vizuri. "Nilikuwa nimechoka tu. Sina ugonjwa wowote."

Funguo za gari zilikuwa mezani karibu na sahani yangu. Nikazichukua, nikazifunga kwenye pindo la kanga.

"Kesho asubuhi wewe na mimi tunakwenda Kitete," nilimwambia. "Kwa miguu au kwa bajaji, chagua. Ukifika pale, daktari akiuliza unalalaje, atajibu mkeo."

"Mama, nipe funguo."

"Sikupi."

Akanyoosha mkono. Alikuwa mkubwa mbele yangu, kaziba dirisha, na sauti yake ilikuwa ile ya Ijumaa, ya mtu aliyezoea kuamua. "Mama, nimesema nipe."

"Usimpe, mama," Shifaa alisema.

Hakuinua sauti. Lakini tangu aolewe katika nyumba hii sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe mbele ya watu, na Murtadha naye hakuwahi, kwa jinsi alivyogeuka kumtazama. Mkono wake ukabaki umening'inia hewani, kisha ukashuka. Akakaa. Shifaa akamsogelea, akamwekea kiganja kifuani, akakiacha pale.

Mimi nikaenda uwani kuwasha moto. Jioni nilikuwa na chakula cha hitima cha watu wa Isevya, na hakuna aliyeniambia nipumzike.